Mtoto wa Nusu Karo

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Vanga hadi Lamu, skuli za watu binafsi zimezidi kuchipuka. Mtu na mkewe hukodi nyumba ya ghorofa, wakaipaka rangi, wakatundika kibao mlangoni, wakaajiri walimu watano na ustadhi mmoja wa dini, na baada ya miaka mitatu wazazi huwa wamepanga foleni. Si jambo baya hata kidogo. Aghalabu ni heri kwa mzazi anayetaka mwanawe asome hesabu na asome Qurani chini ya paa moja. Lakini tunapozizungumza skuli hizi barazani, sisi huuliza mambo mawili tu: karo yake ni kiasi gani, na watoto wake hupata alama ngapi. Nani anayeiongoza, na mtu huyo huwa wa namna gani anaposimama mbele yake mtoto asiyekuwa na kitu, ni swali ambalo nadra kulisikia.

Kumtaja jirani ni kutafuta ugomvi. Basi nimeona tuitazame skuli moja ya mbali, ambayo imekwisha kufa na wenyewe wamekwisha kufa, na habari zake zimeandikwa na waliosoma humo kwa mikono yao wenyewe, wengine kwa kusifu na wengine kwa kulaani. Skuli hiyo ni St Cyprian's, iliyokuwa mjini Eastbourne, pwani ya kusini ya Uingereza.

Kwanza msomaji afahamu ni skuli ya aina gani. Waingereza wenye uwezo walikuwa, na wengine wangali, na desturi ya kuwapeleka watoto wao wa kiume bwenini wakiwa na umri wa miaka minane. Huko hukaa mpaka wafike kumi na tatu, wakitayarishwa kwa mitihani ya kuingia skuli kubwa kama vile Eton na Harrow. Ndiyo sababu zikaitwa skuli za matayarisho. Nyingi zilikuwa ndogo, na zilikuwa mali ya mtu mmoja kama duka lilivyo mali ya mtu mmoja. Mwenye skuli ndiye mwalimu mkuu, ndiye mshika fedha, na mkewe ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Mji wa Eastbourne ulijaa skuli za namna hii, kwani hewa ya bahari ilisemekana kuwa ni dawa kwa watoto.

St Cyprian's ilianzishwa mwaka 1899 na Bwana Vaughan Wilkes na mkewe, Bibi Cicely, wakiwa bado vijana. Walianza katika nyumba ya kawaida, na kufikia mwaka 1906 walikuwa wamehamia katika jengo lao wenyewe, lenye kiwanja kikubwa cha michezo chini ya vilima vya chokaa. Miaka saba tu, nao wametoka katika nyumba ya mjini wakawa na jengo na kiwanja! Asiyewapa watu hawa haki yao kwa bidii atakuwa anawadhulumu.

Bwana Wilkes alikuwa mwalimu mkuu kwa jina na kwa kiboko, lakini kila aliyepita hapo alijua kwamba mwendeshaji hasa wa skuli alikuwa ni Bibi. Wavulana walimbandika jina la Flip. Yeye ndiye aliyefundisha historia na Kiingereza, ndiye aliyewaandikia wazazi barua, na ndiye aliyejua nani ana mafua na nani kakosa barua ya mamake. Mwandishi Cyril Connolly, aliyesoma pale wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ameeleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 jinsi maisha ya wavulana yalivyotegemea kitu kimoja tu, nacho ni kama Bibi yuko radhi na wewe siku hiyo au hayuko radhi. Ukiwa ndani ya radhi zake, dunia ni pepo. Ukitoka, hakuna aliyekuambia umetokaje wala utarudi kwa njia gani. Wako watu wazima katika afisi zetu za hapa Mombasa ambao hawahitaji kufasiriwa jambo hili.

Mwaka 1911 aliletwa pale mtoto wa miaka minane aitwaye Eric Blair. Alikuwa amezaliwa mwaka 1903 huko Motihari, India, ambako babake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika idara ya kasumba. Jamaa zake walikuwa watu wa heshima lakini mifuko yao ilikuwa myepesi. Karo ya skuli ilikuwa yapata pauni 180 kwa mwaka, fedha ambazo mzee Blair hangeweza kuzitoa. Bwana na Bibi Wilkes wakamkubali mtoto kwa nusu ya karo.

Kwa nini walimkubali? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Walikuwa na mtindo wa kuchukua wavulana wachache wenye akili na wazazi wasio na uwezo, wakawapunguzia karo, wakawakamua kwa Kilatini na Kigiriki usiku na mchana, kisha wakawapeleka kugombea nafasi za kusomeshwa huko Eton na kwengineko. Mvulana akishinda, jina la skuli hupaa, na matajiri huleta watoto wao kwa karo kamili. Mtoto wa nusu karo alikuwa ni tangazo la biashara. Nasema hivi bila ya kuwatukana, kwani mambo haya tunayo hapa hapa. Katika miaka ya mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ni akademia ngapi zilizokuwa zikimtafuta mtoto mwerevu katika skuli ya serikali, zikamwambia babake asome bure darasa la saba na la nane, ili picha yake itoke gazetini akiwa amebebwa juu juu na walimu?

Si haramu kumsaidia mtoto na wewe ukafaidika. Ubaya uko katika yanayofuata.

Mtoto huyu Blair alikua, akawa mwandishi, akajiita George Orwell. Wasomaji wetu wanamjua bila ya wengine kutambua kwamba wanamjua, maana hadithi yake ya wanyama waliompindua mwenye shamba, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1945, ilifasiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere ikapigwa chapa Nairobi mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Mtu huyo huyo aliandika insha ndefu juu ya St Cyprian's. Aliipeleka kwa mchapishaji wake mwaka 1947, huku akisema mwenyewe kwamba haiwezi kuchapishwa kwa kuchelea sheria ya kashfa. Alifariki Januari 1950. Insha ikatokea Marekani mwaka 1952, majina ya skuli na ya wenyewe yakiwa yamebadilishwa. Uingereza haikuchapishwa mpaka mwaka 1968, na Bibi Wilkes alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla yake.

Anayoyasimulia humo ni mazito. Mara tu baada ya kuingia skuli, alianza kukojoa kitandani, jambo ambalo hutokea kwa mtoto mchanga aliyetengwa na mamake. Akapelekwa kwa mwalimu mkuu, akachapwa kwa mjeledi wa kupandia farasi. Alipotoka akawaambia wenzake kwamba hakuumia. Maneno hayo yakafika masikioni mwa wakubwa, akaitwa ndani tena, akachapwa mpaka mjeledi ukakatika, na yeye akalaumiwa kwa kukatika kwake! Orwell anasema kwamba alilia, na kilio chake kilitokana na jambo jingine, si maumivu. Alikuwa amefahamu siku hiyo, akiwa na miaka minane, kwamba mtu anaweza kufanya dhambi bila ya kukusudia na bila ya kuweza kuizuia.

Lakini mjeledi, kwa maoni yangu, haukuwa jambo kubwa kuliko yote katika insha ile. Kuna habari ya keki. Kila mvulana siku ya kuzaliwa kwake aliletewa keki yenye mishumaa, akawagawia wenzake. Yeye hakuletewa hata mara moja, ingawa wazazi wake wangalilipa. Kuna habari ya gongo la kriketi: aliambiwa hawezi kuwa nalo, kwani wazazi wake hawatamudu bei. Nani aliyewauliza wazazi? Hakuna. Wakubwa wa skuli walikuwa wamekwisha kumkadiria mtoto kima chake. Na kisha, alipokuwa mkubwa kidogo na akalegea katika masomo, akaitwa afisini akaambiwa kwamba anaishi pale kwa hisani ya mwenye skuli, kwamba karo yake si kamili, na kwamba akikosa nafasi ya kusomeshwa atakuwa amemlipa mfadhili wake kwa utovu wa shukrani. Tangu siku hiyo, anasema, hakuweza kuwachukia watu wale kwa moyo safi, kwani kila alipowachukia aliona haya. Anaongeza kwamba hakumbuki mtoto wa tajiri hasa aliyepata kuchapwa na mwalimu mkuu.

Sasa tuwasikilize na wa upande wa pili, maana kadhi hahukumu kwa kumsikiliza mmoja.

Henry Longhurst, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa mchezo wa gofu, alisoma pale na akamtetea Bibi Wilkes kwa nguvu zote katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1971. Kwake yeye, Bibi alikuwa ni mtu wa kupigiwa mfano. Cecil Beaton, mpiga picha wa wafalme, naye alisoma pale wakati mmoja na Orwell. Aliisoma insha ile akacheka, akaona kwamba ndani yake mna chumvi nyingi. Bibi Jacintha Buddicom, aliyecheza na Eric wakati wa likizo, aliandika mwaka 1974 kwamba mtoto aliyemjua yeye alikuwa mchangamfu, wala hakuwa na dalili za mateso. Hata Connolly, ambaye kitabu chake ndicho kilichomchochea Orwell kuandika, alizisoma uzeeni barua ambazo Bwana na Bibi Wilkes walikuwa wakiwaandikia wazazi wake, akaona kwamba walimpenda kuliko alivyodhani, akayalegeza maneno yake ya ujanani.

Tena kuna ushahidi usiotoka katika kinywa cha mtu. Mwaka 1914, alipokuwa na miaka kumi na moja, Eric alichapishiwa shairi katika gazeti la wilaya ya kwao, na mwaka 1916 jingine. Mtoto aliyepondwa kabisa hapeleki mashairi gazetini. Mwaka 1917 aliingia Eton kwa nafasi ya kusomeshwa, hiyo hiyo aliyokamuliwa kwa ajili yake. Na yule mwalimu wa pili, Bwana Sillar, alikuwa akiwatoa wavulana wakatafute vipepeo vilimani, na Orwell mwenyewe anamkumbuka kwa wema. Kwa hiyo skuli haikuwa jahanamu tupu.

Wako waliohukumu kwamba basi Orwell alikuwa mwongo. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi. Watetezi wanazungumza habari ya mambo mengine. Wanasema Bibi alikuwa mchangamfu, alifundisha vizuri, chakula hakikuwa kibaya kama ilivyosemwa, skuli nyingine zilikuwa mbaya zaidi. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini kwamba mtoto Blair alikuwa wa nusu karo hakuna anayekana. Na aliyekuwa akilipiwa kamili angalijuaje ladha ya kukumbushwa nusu? Wawili waliokaa meza moja na kula uji mmoja wanaweza kutoka na ushahidi mbalimbali, na wote wawili wakawa wasema kweli. Wa kuulizwa hapa ni mtoto mwengine wa nusu karo. Yuko. David Ogilvy, Mwingereza aliyekuja kuwa bingwa wa matangazo ya biashara huko New York, aliingia St Cyprian's baada ya Orwell, na yeye pia kwa karo iliyopunguzwa, kwa kuwa babake alikuwa amefilisika. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1978 hana mapenzi na mahali pale wala na mwenyewe.

Kwetu jambo hili lina jina. Linaitwa masimango, au masimbulizi. Kila aliyelelewa pwani anajua kwamba chakula cha masimango hakishuki kooni. Na sisi Waislamu hatuna udhuru, maana katika Sura ya Al-Baqara tumeonywa waziwazi kwamba sadaka ikifuatiwa na masimango na maudhi huwa imebatilika. Aliyemsomesha mtoto kwa nusu karo kisha akamsimanga, amepata tangazo lake la biashara, lakini thawabu asizitarajie.

Hapa nataka tutazame tofauti moja ambayo wahakiki wa Kiingereza, kwa kadiri nilivyowasoma, wameipita mbio. Huyu huyu Orwell aliyeumia St Cyprian's kwa kusomeshwa kwa hisani, alisomeshwa Eton pia, na huko anasema alikaa kwa raha kiasi. Kwa nini? Eton iliasisiwa mwaka 1440 na Mfalme Henry wa Sita, ambaye aliiwekea ardhi na mapato ili wavulana 70 wasomeshwe. Mfalme huyo alikwisha kufa zamani. Aliyesomeshwa kwa mali yake hana wa kumshukuru kila asubuhi, wala hana wa kumwita afisini akamwambia kwamba anakula cha fulani. Nafasi ni haki yake, ameishinda kwa mtihani, na mwalimu mkuu hawezi kumpokonya kwa kuwa leo amekunja uso. Kwa lugha yetu, ile ilikuwa ni wakfu. Ya Bwana Wilkes ilikuwa ni hisani ya mfukoni.

Nasi wakfu ni jambo letu. Pwani hii ina misikiti, visima, mashamba ya minazi na nyumba za kukodisha zilizofungwa wakfu na wazee walioona mbali, na sheria ya makamishna wa wakfu ipo tangu mwaka 1951. Mangapi katika mapato hayo yamefungwa kwa ajili ya karo ya mtoto maskini katika akademia, kwa namna ambayo mwenye akademia hana haki ya kumtazama mtoto huyo kwa jicho la kudai? Tunaongeza mnara juu ya mnara. Sisemi misikiti isijengwe. Nasema mzee mwenye nyumba mbili za kukodisha Majengo anaweza kufunga chumba kimoja, na kodi yake ikamsomesha mtoto mmoja mpaka mwisho, na mtoto asijue jina lake.

Wala hatukukosa mfano wa kiongozi. Habib Swaleh alipofungua mafundisho yake Lamu, aliwakaribisha watu wa Langoni, waliokuwa wakidharauliwa kwa asili zao, na wakubwa wa mji hawakupendezwa. Riyadha ilikua ikavuta wanafunzi kutoka pande zote za Afrika ya Mashariki. Watu wale hawakukaa darasani kama wadaiwa, na hilo ndilo lililowafanya wajukuu wao wamtaje mpaka leo kwa rehema.

Juu ya kiboko sitarefusha. Wazazi wetu walipompeleka mtoto chuoni walikuwa wakimwambia mwalimu kwamba nyama ni yake na mifupa ni yao, na henzerani ilikaa mahali panapoonekana. Kuna wanaodhani kuwa kukataa kuchapwa watoto ni mambo ya Wazungu. Jamani, Wazungu ndio waliochapa hasa! Katika skuli za binafsi za Uingereza kiboko hakikukatazwa mpaka mwaka 1999, na Kenya ikakikataza mwaka 2001, kwa hivyo walitutangulia miaka miwili tu. Aliyetangulia kwa kweli ni Ibn Khaldun, mtu wa Tunis, ambaye katika Muqaddima yake aliyoimaliza mwaka 1377 ana mlango mzima wa kueleza kwamba ukali humharibu mwanafunzi: humwondolea uchangamfu, humfundisha uwongo na hila ili aukimbie mkono wa mwalimu, mpaka hila zikawa ndiyo tabia yake. Humo anamtaja Ibn Abi Zayd, aliyesema mwalimu asizidishe viboko vitatu, na anasimulia jinsi Harun Rashid alivyomkabidhi mwalimu mwanawe Amin kwa wasia wa kumnyosha kwanza kwa upole. Mtoto wa khalifa! Someni mlango ule, kisha msome insha ya Orwell, mtaona kwamba mtoto wa Eastbourne anatoa ushahidi wa yale aliyoyasema mwanachuoni zaidi ya miaka mia tano kabla yake. Kwani Orwell anakiri kwamba alijifunza pale kusema uwongo, na kuwa na nyuso mbili.

Mwisho wa St Cyprian's nao una mazingatio kwa wenye skuli. Mwezi wa Mei, 1939, jengo lilishika moto usiku, likateketea, na mtumishi mmoja wa kike akafa. Vita vikaja. Skuli ikahamishwa huku na huko ikiwa chini ya Bwana Tomlinson, mkwe wa Bwana na Bibi Wilkes, na mwaka 1943 wavulana waliobaki wakaunganishwa na skuli ya Summer Fields ya Oxford. St Cyprian's haikufunguliwa tena. Miaka 40 na kidogo, basi. Moto peke yake hauui skuli. Ziko zilizoungua zikajengwa. Lakini hii ilikuwa ni nyumba ya watu wawili, na watu wawili walikuwa wamekwisha kuchoka. Hapakuwa na baraza la kusema kwamba skuli ni yetu na lazima isimame.

Linganisha na Dragon School ya Oxford. Hiyo iliasisiwa mwaka 1877 na kamati ya walimu wa chuo kikuu, kwa ajili ya watoto wao. Iliongozwa baadaye na ukoo mmoja, ukoo wa Lynam, kuanzia mwaka 1886 mpaka miaka ya 1960, ndugu akimpokea ndugu na mtoto akampokea baba. Mtu atasema ni yale yale. Hasha. Ukoo ulishika usukani, lakini chombo kilikuwa na wenyewe tangu siku ya kwanza, na skuli ingali hai. Kwa hivyo sisemi kwamba mtu na mkewe, au baba na mwanawe, wasiongoze skuli. Mara nyingi wao ndio wenye uchungu nayo zaidi kuliko mwalimu mkuu wa kuajiriwa. Nasema pawe na watu wengine wenye neno, wazazi na wazee wasiokula mshahara humo, watakaosikizwa mtoto anapoonewa. Na daftari la karo lisikae katika mkono ule ule unaosahihisha daftari la hesabu. Mwalimu wa darasani hana haja ya kujua nani kalipa na nani kapunguziwa. Akijua, hata akiwa mwema, jicho lake litamsaliti.

Namwonea huruma pia Bibi Wilkes. Alifundisha mamia ya watoto, akawauguza, akawakumbuka kwa majina mpaka uzee wake, na dunia imebaki kumjua kwa maneno ya mmoja. Aliishi mpaka mwaka 1967, na insha ilikuwa imekwisha kusomwa Marekani kwa miaka 15. Yumkini alidhani kwamba kumwambia mtoto ukweli wa karo yake ni kumtia bidii. Wako wakuu wa skuli wa leo wanaodhani vivyo hivyo, nao ni watu wa sala tano.

Lakini Bibi Wilkes alimwambia Eric afisini, mlango ukiwa umefungwa. Sisi tumemzidi. Katika skuli zetu nyingi, siku ya tatu ya kufungua muhula, majina ya wadaiwa husomwa mbele ya mstari wa asubuhi. Watoto hutolewa mmoja mmoja wakasimama kando na mikoba yao mbele ya wenzao wote, kisha hufunguliwa lango warudi nyumbani kwa miguu. Wengine hawajui hata karo ni nini. Mwenye deni ni baba, nambari yake ya simu iko afisini, na nyumba yake yajulikana. Muhula ujao utakapofunguliwa, mwenye skuli na ampigie simu baba baada ya sala ya isha, wazungumze wakubwa kwa wakubwa, na mtoto aachwe darasani.